Unga Ulioitwa Ua: Kwa Nini Kiingereza Huandika Sauti Zilizokufa

Hapa Ngamiani, mjini Tanga, hatua chache kutoka steshenari yangu, kuna mashine ya kusaga ambayo mwaka juzi ilipakwa rangi upya. Mwenye mashine alitaka kibao kipya, tena cha Kiingereza, kwa kuwa alishaanza kufunga unga kwenye mifuko ya kilo mbili na kuusambaza madukani. Fundi wa mabango akaegemeza ngazi, akashinda juani na kopo lake la rangi nyekundu, na alasiri tukasoma kazi yake: PURE MAIZE FLOWER. Ua halisi la mahindi.

Mwalimu mmoja mstaafu aliyekuwa anapita akasimama, akacheka mpaka akajishika ubavu. Fundi akanuna. Akaja dukani kwangu, kwa kuwa mimi ndiye mwenye kompyuta. "Dada, hebu nitolee ushahidi. Unga kwa Kizungu si flawa? Na hiyo niliyoandika haisomeki flawa?"

Inasomeka. Mwingereza akitaja unga na akitaja ua, sauti ni moja, na Mwingereza mwenzake hatajua kipi kimetajwa mpaka asikie sentensi nzima. Tofauti ipo kwenye karatasi tu: unga ni "flour", ua ni "flower". Nilimwambia fundi abadilishe, akaenda zake akinung'unika kwamba lugha gani hii, mdomo unasema hivi na kalamu inasema vile.

Swali lake lilinikaa. Kazi yangu ni kuchapa maneno ya watu: maombi ya kazi, wasifu, barua za likizo, risala za harusi na za mahafali. Makosa ya aina hii hunipitia mkononi kila siku. Kijana mmoja wa Makorora aliniletea fomu aliyokwisha kuijaza kwa kalamu, na kwenye jinsia ameandika "mail". Yeye ni mwanamume, "male", lakini fomu ilisema ni furushi la barua. Mwingine alifunga barua yake kwa "I look forward to here from you", yaani "hapa" mahali pa "kusikia", ambayo ni "hear". Hawa si watu wasiosoma. Wamesoma, wana vyeti, na waliandika walichokisikia, kama tunavyoandika Kiswahili. Hapo ndipo mtego ulipo.

Wanaisimu huyaita maneno haya homofoni. Wenzetu wa Kenya shuleni hujifunza vitate, yaani maneno yanayokaribiana kwa matamshi, na watu wengi hudhani ni kitu kilekile. Sivyo. Vitate hukaribiana, homofoni hulingana kabisa, hata ukitega sikio namna gani hutapata pa kushika. Kwa hiyo anayekwambia "sikiliza vizuri ndipo uandike" hajakusaidia kitu. Sikio limeshamaliza kazi yake. Kilichobaki ni historia.

Ukitoka mjini kwa barabara ya Pangani, kama kilomita 20 hivi, unafika Tongoni, penye magofu ya msikiti na makaburi yapatayo 40 ya mawe ya matumbawe. Baadhi ya makaburi yale yalijengewa nguzo, na nguzo zikapachikwa bakuli za kauri zilizokuja na vyombo kutoka mbali. Bakuli hazipo tena. Yamebaki matundu ya mviringo kwenye chokaa. Mgeni akipita huona tundu. Mwenyeji anajua kwamba hapa palikuwa na bakuli. Herufi zisizotamkwa za Kiingereza ndivyo zilivyo. K ya "knight" ni tundu la bakuli: palikuwa na sauti pale, ikang'oka, mahali pake pakabaki.

Chukua hii "rait". Kwa sauti hiyo moja Kiingereza kina maneno manne: "right", ambalo ni sahihi, au haki, au upande wa kulia, "write", kuandika, "rite", ibada ya kimila au ya dini, na "wright", fundi, ambalo siku hizi limejificha ndani ya maneno mengine kama "shipwright", fundi wa kuunda vyombo vya baharini, na ndani ya majina ya watu. Zamani maneno haya hayakugongana hata kidogo. "Write" ilianza na w iliyosikika, midomo ikikunjwa kwanza ndipo ije r. "Right" ilikuwa na sauti kati ya i na t, na sauti hiyo sisi watu wa pwani hatuhitaji kufundishwa: ni jamaa ya kh ya "kheri", ile inayokwaruza kooni. Waandishi wa Kiingereza cha kale waliiandika kwa h. Baadaye makarani wakazoea kuiandika gh. "Wright" ilikuwa na vyote viwili, w mbele na kh nyuma. "Rite" ilitoka Kilatini, haikuwa na w wala kh.

Kisha koo la Waingereza likachoka. Kh ikafifia, w iliyotangulia r ikanyamaza, na irabu i iliyokuwa ndefu ikageuka ai. Kufikia karne ya 18 maneno yote manne yalikuwa yamevuliwa nguo zao, yamesimama uchi, huwezi kuyatofautisha. Ila karatasi ilikuwa imeshawachukua vipimo.

Usiku na shujaa wa farasi ndivyo walivyogongana pia. "Night" na "knight" zote zilikuwa na kh, na ya pili ilianza na k iliyogongwa wazi. Mjerumani, aliye binamu wa Mwingereza kilugha, hadi leo anaitamka ile sauti ya koo katika "Nacht", usiku, na anaigonga k katika "Knecht", mtumishi. Hata "knight" yenyewe mwanzo ilikuwa na maana ya kijana au mtumishi kabla haijapandishwa cheo na kupewa farasi. Wazee waliosoma katika shule ya serikali ya Wajerumani hapa Tanga, iliyofunguliwa miaka ya 1890, bila shaka waliyasikia maneno hayo kwa walimu wao. Na hili neno "shule" tunalolitumia kila siku ni lao. Huko Scotland nako wapo wanaosema "nicht" mpaka sasa.

Msomaji wa pwani asishangae, kwani kh imetufia hata sisi. Khabari imekuwa habari, khamsini imekuwa hamsini, khatari imekuwa hatari. Wazee wa mtaani kwangu bado wanaamkua "masalkheri" kwa kh kamili, na wajukuu zao wanaitikia kwa h nyepesi. Tofauti ni kwamba sauti ilipoondoka, sisi tuliifuta na kwenye maandishi. Mwingereza alimzika marehemu, jina akaliacha mlangoni.

Habari ya irabu ni ndefu zaidi, na hapa ndipo penye utamu. Mpe mtoto wa darasa la pili neno "name" alisome bila kufundishwa, atasema na-me. Mpe "time", atasema ti-me. Darasa litacheka. Lakini mtoto yule angesikika na Geoffrey Chaucer, mshairi wa Kiingereza aliyefariki mwaka 1400, Chaucer asingecheka. Angemwelewa. Katika zama zake "name" ilikuwa na a ndefu kama yetu, na e ya mwisho ilisikika. Irabu za Kiingereza za wakati ule zilikuwa karibu na zetu kuliko zilivyo leo.

Kuanzia miaka ya 1400 hivi hadi karibu mwaka 1700, irabu ndefu za Kiingereza zilianza kupanda, moja nyuma ya nyingine, kama wakwezi waliofuatana kwenye mnazi mmoja. A ndefu ikapanda kuelekea e. E ndefu ikapanda ikawa i. I ilikuwa tayari kileleni, haina tena pa kwenda, ikapasuka na kuwa ai. Wataalamu huyaita Mabadiliko Makuu ya Irabu. Ndiyo sababu "name" siku hizi ni neim, na "time" ni taim.

Sasa tazama "see", kuona, na "sea", bahari. Chaucer alikuwa nayo maneno mawili tofauti. La kwanza lilikuwa na e ya kubana, la pili lilikuwa na e ya kuachama, mdomo ukifunguka zaidi. Zote mbili zikapanda mnazi. "See" ilitangulia, ikafika kwenye i mapema. "Sea" ikaja nyuma kwa kituo kimoja, karne nzima ikibaki chini, mwishowe nayo ikafika palepale. Tangu hapo bahari na kuona ni sii. Kwa njia hiyohiyo nyama, "meat", ikakutana na kukutana kwenyewe, "meet".

Mtu atauliza, wamejuaje wakati hakukuwa na kinasa sauti? Moja ya njia ni vina, jambo ambalo mshairi yeyote wa Tanga atalielewa bila maelezo. Mwanzoni mwa karne ya 18 mshairi Alexander Pope alitia kina "tea", chai, pamoja na "obey", kutii. Pope hakuwa mtu wa kuvunja vina. Kwake yeye chai ilikuwa tei. Leo ukisoma shairi lile kwa matamshi ya sasa, kina kimekufa. Ndivyo wachunguzi wanavyofanya: wanapekua mashairi, wanaona wapi vina vimepotea, wanajua pale sauti imehama.

Maneno machache yenye ea yalikwama katikati ya mti, hayakufika kileleni. "Great", kubwa, "break", kuvunja, na "steak", ile nyama ya kukaanga. Hayo yakagongana na majirani wengine kabisa: "grate", kukuna, kama mtu anavyokuna karoti, "brake", breki, "stake", kigingi. Kwa hiyo kila mara dereva anapoandika kwenye ripoti kwamba gari lilikuwa na "break failure", anateleza kwenye ngazi ambayo irabu moja ilikataa kuimaliza.

Mbona basi hawakubadilisha maandishi? Jibu liko kwenye mashine ya kuchapa. William Caxton aliifungua ya kwanza ya Uingereza huko Westminster mwaka 1476, yaani wakwezi wakiwa katikati ya mnazi. Wachapaji walizoea tahajia fulani, wakazirudia katika maelfu ya nakala, wasomaji wakazizoea, na Samuel Johnson alipotoa kamusi yake mwaka 1755 mambo mengi yalikuwa yameshaganda. Ni kama mtu kupigwa picha akiwa anapanda ngazi, mguu mmoja hewani, halafu picha ileile ikatiwa kwenye kitambulisho chake cha maisha. Mtu alishafika juu zamani. Kitambulisho bado kinamwonyesha mguu hewani.

Si kila herufi bubu ni tundu la bakuli, lakini. Nyingine zimechongwa tu. Katika karne za 15 na 16 wasomi wa Uingereza walipenda kuonyesha kwamba maneno yao yana asili ya Kilatini, wakayapachika herufi ambazo mdomo haukuwa unazitamka. "Debt", deni, ilikuwa inaandikwa bila b. Wakaitia kwa heshima ya neno la Kilatini. "Receipt" wakaitia p. Vitabu vya risiti nauza mwenyewe, na kila nikiviona nafikiri: Mswahili alilichukua neno hili kwa sikio, akaandika "risiti", hakujua habari ya p wala haikumpunguzia kitu. "Island", kisiwa, imetiwa s kimakosa kabisa, kwa kudhaniwa kuwa ni ndugu ya "isle" iliyotoka Ufaransa, wakati "island" ni neno la Kiingereza cha kale lisilo na undugu huo. S hiyohiyo ikapenya hadi kwenye "aisle", ile njia ya katikati ya viti, ambayo asili yake ni "bawa". Leo "isle" na "aisle" ni homofoni, zina s mbili zisizotamkwa, na moja ya s hizo haikustahili kuwapo.

Wafaransa nao wana sehemu yao. Walipoingia Uingereza mwaka 1066 wakiwa na William wa Normandy, maneno yao yakaja nao, na kama wasemavyo Tanga, waja leo kuondoka majaaliwa. Hayakuondoka. Neno la mgeni na neno la mwenyeji, yaliyokuwa hayajuani, yakajikuta yana sauti moja. "Mail" ya kijana wa Makorora ilikuja na Kifaransa, ikiwa na maana ya mfuko. Mfuko wa kubebea barua ukawa barua zenyewe. "Male" nayo ilipitia Ufaransa ikitokea Kilatini kwa mlango mwingine. Kisha "mail" ikaendelea na safari hadi kwetu: vyombo vya moshi vilivyoleta barua pwani hii vikaitwa meli, na leo meli inatia nanga bandarini Tanga bila kubeba barua hata moja.

Lakini jozi ninazozipenda kuliko zote ni zile ambazo zamani zilikuwa neno moja. Nikirudi kwa fundi wetu wa mabango: "flour" na "flower" ni neno lilelile. Unga uliochekechwa vizuri uliitwa ua la unga, kwa maana ya sehemu yake iliyo bora, kama tunavyoweza kusema fulani ni ua la nyumba. Ukiziweka sembe na dona mezani, sembe ndiyo "flower". Kwa karne kadhaa maneno mawili haya yaliandikwa vyovyote, na hata Johnson katika kamusi yake ya 1755 hakuyatenga. Tahajia ya "flour" haimo. Ilikuja kukubalika kwa wote baadaye, ili watu wasichanganye bustani na jiko. Maana yake fundi wetu aliandika Kiingereza sahihi kabisa, ila alichelewa miaka kama mia mbili na kitu.

Hapo ikanibidi nimwombe radhi, na nilikuwa na sababu nyingine. Siku moja katika kupekua nilikutana na jozi ya "stationery" na "stationary". Ya kwanza, yenye e, ni karatasi, kalamu, bahasha na vifaa vya ofisi. Ya pili, yenye a, ni kitu kilichosimama, kisichotembea. Nikatoka nje taratibu, nikainua macho kwenye kibao cha duka langu mwenyewe, nilichokiagiza kwa pesa yangu na kukitazama kila asubuhi kwa miaka minne. Kilisema STATIONARY. Duka lisilotembea. Mwalimu mstaafu alikuwa anakipita kila siku, hakusema neno. Bila shaka alikuwa ananistahi.

Na hapa pia historia ilinifariji. Katika Ulaya ya kale wauza vitabu wengi walikuwa wachuuzi, wanatembeza bidhaa mji hadi mji kama machinga. Wachache, hasa karibu na vyuo vikuu, walikuwa na mahali pa kudumu, wakaitwa kwa Kilatini kwa jina lenye maana ya mtu aliyekaa kituo kimoja. Huyo ndiye "stationer". Vitu alivyouza vikaitwa "stationery". Kwa hiyo duka langu ni "stationery" kwa sababu ni "stationary". Kama ningekuwa natembeza peni na bahasha stendi, nisingestahili jina lolote kati ya hayo mawili.

"Council" na "counsel" nazo hunichosha, maana barua nyingi ninazochapa zinakwenda halmashauri. "Council" ni halmashauri, "counsel" ni ushauri, au wakili. Kwa Kilatini yalikuwa maneno mawili ya karibu, Kifaransa kikayachanganya, na Waingereza wakahangaika kuyatenga upya. Sisi tuna dawa yake nyumbani: ndani ya halmashauri limo shauri, na asili yake ni moja. Anayekumbuka kwamba halmashauri ni watu na shauri ni maneno ameshajua lipi lina c katikati na lipi lina s.

Mpaka hapa nimesema habari za maneno yanayolingana kwa Mwingereza. Kuna fungu la pili, kubwa kuliko hilo, ambalo vitabu vya Uingereza havitalitaja kwa sababu halipo kwao. Ni letu. Kiswahili kina irabu tano. Kiingereza cha Uingereza, ukihesabu na zile za kuunganisha, kina kama 20. Zile 20 zikiingia kwenye vyumba vyetu vitano, lazima zilale mzungu wa nne. "Ship", meli, na "sheep", kondoo, hulala chumba kimoja. "Hat", kofia, "hut", kibanda, na "heart", moyo, wote hulala kwa a. "Walk", kutembea, na "work", kufanya kazi, kwetu ni wok. Nimeshachapa, kabla sijashtuka, barua ya mtumishi anayeomba "annual live". Alitaka likizo, "leave". Aliyoandika ni kuishi. Kuna nyingine ilisema "I leave in Tanga", naondoka ndani ya Tanga, na mwenye barua hana mpango wa kwenda popote.

Watu hulitia fungu hili pamoja na lile la kwanza, na kwa maoni yangu hilo ndilo kosa kubwa katika kuwafundisha watoto wetu. Dawa za mafungu haya mawili hazifanani. "Ship" na "sheep" zinataka mazoezi ya sikio na mdomo, maana tofauti ya sauti ipo, ila hatujaizoea. "Flour" na "flower" hazina cha kusikiliza. Mwalimu akimwambia mtoto arudie kutamka "right" na "write" mpaka azitofautishe, anamtesa bure. Atafute jicho lake, si sikio.

Tena hata hao wenye lugha hawakubaliani. Mtu wa London hatofautishi "sauce", mchuzi mzito, na "source", chanzo, kwa sababu r ya namna hiyo haitamki. Mmarekani wa kawaida anaitamka, kwa hiyo kwake ni maneno mawili. Mskoti hutenga "which", ipi, na "witch", mchawi, kwa kupuliza pumzi kwenye ile ya kwanza, wakati wa London ameshaziunganisha. Ukiona orodha ya homofoni, uliza kwanza imepikwa kwa mdomo wa nani.

Kupuliza pumzi kumenikumbusha bibi yangu mzaa mama. Alizaliwa Mombasa, akaolewa Tanga, na Kimvita chake hakikuwahi kumtoka. Siku moja, nikiwa na miaka saba au nane, aliniagiza nikamletee kaa jikoni. Nikarudi na kipande cha mkaa kwenye koleo. Akacheka, akanikalisha, akachukua kiganja changu akakiweka mbele ya kinywa chake. "Kaa," akasema, na kiganja hakikuhisi kitu. "Hilo la moto." Kisha akasema tena, na safari hii pumzi ikanipiga katikati ya kiganja, ya vuguvugu. "K'aa. Huyo wa baharini."

Akaendelea. Paa la nyumba halina pumzi. P'aa wa mwituni ana pumzi. Chungu cha kupikia hakina. Ch'ungu wanaotembea ukutani wanayo. Tembo la mnazi halina; t'embo mwenye mkonga anayo. Mimi niliyekulia kwenye Kiswahili cha shuleni nilikuwa nayaona ni neno moja lenye maana mbili. Kwake yalikuwa maneno mawili, mbali kama mbingu na ardhi.

Kamati ya lugha ya Afrika Mashariki iliyoundwa mwaka 1930 ilisanifisha Kiswahili kwa msingi wa Kiunguja, na pumzi ile haikupewa alama katika tahajia tunayofundishwa. Hapo ndipo nilipoona kwamba sisi na Waingereza tumesimama pande mbili za ukuta mmoja. Wao kalamu inatenga kile ambacho mdomo umeshakisahau. Sisi kinywa cha bibi kilitenga kile ambacho kalamu haikuwahi kukiandika. Hata "barabara" ya kupita magari na "barabara" ya kitu kilichokaa sawasawa, ya kwanza mkazo uko kwenye ba iliyo silabi ya pili kutoka mwisho, nyingine umerudi nyuma hadi ra inayoitangulia, na kwenye karatasi huoni lolote.

Turudi kwenye kompyuta, maana wateja hudhani itawaokoa. Ule mstari mwekundu wa kusahihisha tahajia huangalia kama neno lipo, si kama limekaa mahali pake. "Mail" lipo. "Flower" lipo. "Stationary" lipo, na ndiyo maana niliishi nalo miaka minne kwa amani. Programu za siku hizi zinaanza kukisia kwa kutazama maneno ya jirani, lakini hukisia tu.

Mimi ninalo chekecheo langu, ni Kiswahili. Nikifika kwenye neno la kutilia shaka nalitafsiri kimoyomoyo. "Their" ikija, je, naweza kusema "yao" au "wao" wa kumiliki? "There", je, naweza kusema "pale"? "They're", je, ni "wao ni"? Kwa sikio la Mwingereza yote matatu ni mamoja, lakini Kiswahili hayawezi kuchanganyika hata usingizini. "Your" ni "yako", "you're" ni "wewe ni". "Principal" ni mkuu wa chuo, "principle" ni kanuni. Siku hizi nikichapa barua ya mteja husoma mara ya kwanza kwa macho, mara ya pili kwa Kiswahili, na ya pili ndiyo hunasa wengi.

Kibao changu nilikipeleka kwa fundi yuleyule. Nilimsimulia habari ya Johnson na ua la unga, akasikiliza hadi mwisho, akaifuta A kwa tambara la mafuta ya taa na kuweka E, na akakataa kupunguza bei. Cha mashine ya kusaga alikuwa ameshakirekebisha wiki ileile ya kwanza: alipaka nyeupe juu ya W na E, akachora U moja pana katikati ya nafasi. Kilionekana vizuri. Masika yaliyopita mvua ilipiga upande ule wa ukuta siku tatu mfululizo, rangi nyeupe ikaanza kubanduka, na sasa ukisimama karibu unaiona W nyekundu inachungulia nyuma ya U.